Kitufe Kisicho na Jina

Leo tutazungumza juu ya programu za kompyuta ya mezani. Nataka tutazame jambo gani humwezesha mtu asiyeona kuitumia programu moja vizuri, na jambo gani humfanya ashindwe kabisa na nyingine.

Nitaanza na kisa. Katika ofisi moja niliyopata kufanya kazi alikuwako karani asiyeona. Kazi yake ilikuwa kuandikisha barua ziingiazo na zitokazo, naye aliifanya upesi kuliko wengi wetu wenye macho. Siku moja ofisi ikanunua programu mpya ya masjala. Ilipambwa kwa picha nzuri za rangi: picha ya bahasha, ya kalamu, ya pipa la taka. Asubuhi ile karani akabonyeza kibodi, na kompyuta ikamwambia, “Kitufe.” Akabonyeza tena, “Kitufe.” Mara ya tatu, “Kitufe.” Vilikuwako vitufe kumi na viwili, na hakuna hata kimoja chenye jina. Tangu siku hiyo ikawa lazima mtu akae karibu naye amwambie kipi ni kipi, na haukupita muda watu wakaanza kunong’ona kwamba karani yule hawezi kazi. Je, ni kweli hakuweza kazi? Lishikeni swali hilo, tutalirudia.

Asiyeona huitumiaje kompyuta?

Asiyeona hutumia programu iitwayo kisoma skrini. Programu hii husema kwa sauti yale yaliyomo kwenye skrini, au huyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu yakasomwa kwa vidole. Watu wengi hudhani kwamba kisoma skrini hutazama skrini kama tutazamavyo sisi. Sivyo. Kazi yake hasa ni kuuliza maswali. Mtumiaji akifika mahali fulani, kisoma skrini huiuliza programu iliyofunguliwa: Hiki ni kitu gani? Jina lake nini? Hali yake ikoje? Programu ikijibu, “Ni kitufe, jina lake Hifadhi,” basi hayo ndiyo yatakayosemwa. Ikijibu, “Ni kisanduku, jina lake Barua za Haraka, kimetiwa alama,” mtumiaji ameelewa yote.

Basi mambo ni matatu: aina, jina na hali. Majibu haya ni lazima yaandikwe na mtengenezaji ndani ya programu, mahali pasipoonekana kwa macho. Akitumia vitufe vya kawaida vinavyotolewa pamoja na mfumo wa kompyuta, sehemu kubwa ya majibu huwa tayari. Lakini akichora vitufe vyake mwenyewe kwa picha tupu, asiandike jina, kisoma skrini kitauliza na kukosa jibu. Hayo ndiyo yaliyompata karani wetu.

Historia fupi

Zamani, kompyuta zilipoonyesha maandishi matupu, kazi ya kusoma skrini ilikuwa nyepesi kidogo, kwa kuwa kila herufi ilikuwamo katika kumbukumbu ya mashine. Huko Marekani, Ted Henter, mshindani wa mbio za pikipiki aliyepoteza macho katika ajali ya motokaa mwaka 1978, alishiriki kutengeneza kisoma skrini kiitwacho JAWS, kilichotolewa mwaka 1989. Kisha yakaja madirisha, picha na kipanya. Wenye macho walifurahi, lakini wasioona wengi waliogopa kupoteza kazi zao, maana picha haina herufi za kusomwa. Ikabidi kutafuta njia ya programu kujieleza. Mwaka 1997 kampuni ya Microsoft ilitoa utaratibu wa namna hiyo kwa ajili ya Windows, na baadaye ukafuata mwingine ulio bora zaidi.

Likabaki jambo la bei, kwa kuwa visoma skrini vilikuwa ghali mno. Mwaka 2006 Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, alianza kuandika kisoma skrini kiitwacho NVDA, na mwenzake James Teh, asiyeona pia, akajiunga naye. Hutolewa bure hata leo, na huja pamoja na sauti ya eSpeak NG, ambayo hujua kusoma Kiswahili. Sauti hiyo ni ya mashine, si tamu kama ya mtangazaji, lakini yaeleweka.

Si wasioona peke yao

Yuko mtu ambaye mikono yake hutetemeka, hawezi kukilenga kipanya. Huyu ahitaji kufanya kila kazi kwa kibodi. Yuko mwenye mkono mmoja. Yeye hawezi kubonyeza vibonye vitatu kwa pamoja, kwa hiyo mfumo wa kompyuta una njia ya kumruhusu abonyeze kimoja baada ya kingine. Programu isiivuruge njia hiyo. Yuko asiyetofautisha nyekundu na kijani. Ukimwandikia, “Jaza mahali penye nyekundu,” umemwacha njiani. Andika pia neno au weka alama. Yuko kiziwi, kengele ya hatari peke yake haimfai, yataka na maandishi.

Jinsi ya kuijaribu programu

Ofisi yenu ikitaka kununua programu, fanyeni majaribio manne kabla ya kulipa.

Kwanza, wekeni kipanya kando. Tumieni kibonye cha Tab kusogea kutoka kitu hadi kitu. Je, mwafika kila mahali, na mwaona mlipo?

Pili, washeni kisoma skrini. Katika Windows 10 na 11, bonyezeni Ctrl, Windows na Enter kwa pamoja. Kisha zimeni skrini, mjaribu kuandikisha barua moja kwa masikio tu.

Tatu, kuzeni maandishi. Je, yasomeka yote, au mengine yamekatwa?

Nne, na hili ndilo kubwa, mwiteni mtumiaji mwenyewe mwenye ulemavu aijaribu. Aliyevaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana.

Jambo hili si hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, wataja wazi teknolojia ya habari na mawasiliano. Kenya iliuridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009.

Sasa turudi kwa karani wetu. Baada ya miezi kadhaa mtengenezaji aliandikiwa barua, naye akatia majina kumi na mawili. Vitufe vikasema: Barua Mpya, Tafuta, Hifadhi, na vinginevyo. Lakini karani alikuwa amekwisha kuhamishiwa kwenye simu, na kiti chake amepewa mwingine. Wakati watu waliponong’ona, mimi nilikuwapo, nami nikanyamaza, kwa kuwa sikujua niliyowaelezeni leo. Ninyi sasa mmejua.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Je, karani yule hakuweza kazi, au programu ndiyo haikuweza kazi yake?
2. Mambo matatu ambayo kila kitufe chapaswa kujieleza ni yapi?
3. Katika ofisi, shule au ushirika wenu, nani huulizwa kabla programu haijanunuliwa?