Tumbili Mmoja Alizimia Kenya Nzima Stima. Hii Kitu Huwezekanaje?

Stima ikipotea usiku, kitu ya kwanza kila msee hufanya ni kuchungulia dirishani. Kama kwa jirani kunawaka, pole, ni tokeni zako zimeisha. Kama mtaa wote ni giza, unauliza wasee wa Kisumu na Mombasa kwa simu. Wakikuambia hata huko hakuna, basi wachana na hiyo story ya transfoma ya mtaa. Gridi ya taifa imeanguka.

Na si mara ya kwanza. Juni 2016, tumbili alipanda paa ya stesheni ya stima ya Gitaru, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mashine zingine hapo zikalemewa, na megawati zaidi ya 180 zikapotea. Kenya nzima ikaingia giza. Tumbili mwenyewe alitoka mzima.

Sasa unajiuliza, mnyama mmoja anazimaje nchi?

Fikiria mkokoteni umejaa mizigo, unasukumwa kwa mlima na wasee kumi. Watatu wakiachilia ghafla, mzigo haupungui. Wale saba wanabeba yote. Mmoja akihisi mgongo unataka kuvunjika, anaruka kando. Sasa ni sita. Mwishowe wote wameruka na mkokoteni unarudi chini.

Gridi ni hivyo hivyo. Stima haiwekwi stoo kama unga. Ile inatengenezwa saa hii ndio unatumia saa hii, na mashine zote zinazunguka kwa mwendo mmoja, hezi 50. Stesheni kubwa ikitoka ghafla, mwendo unashuka, na zile zingine zinajizima zenyewe ndio zisiharibike. Hiyo yote inaweza kuisha kwa sekunde chache.

Ile noma ya Ijumaa, Agosti 25, 2023, ilianza hivyo. Kwenye saa nne kasoro usiku, Kenya Power ikapoteza stima ya upepo kutoka Loiyangalani, Marsabit, penye kuna mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Wenye mitambo wakasema ilijizima juu volteji ya gridi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Hata JKIA kulikuwa giza, jenereta ikakataa kuwaka, na waziri wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akaomba msamaha. Kabla mwaka uishe, giza ilikuwa imerudi tena Novemba na Desemba.

Halafu mbona hairudi mara moja? Juu stesheni nyingi zinahitaji stima ndio ziwashe stima. Kwa hivyo kazi huanza na zile zinaweza kujiamsha zenyewe, kama mabwawa. Maji ikizungusha mashine, stima inatumwa kwa stesheni ingine, halafu mtaa mmoja, halafu mwingine. Ukiwasha kila mahali pamoja, mkokoteni unarudi chini tena. Ndio maana mtaa wa pili wanaweza kupiga nduru za furaha na nyinyi bado mko kwa mshumaa. Si lazima iwe ubaguzi.

Lakini hiyo masaa yote kuna mtu analipa. Kinyozi hanyoi. Fundi wa kuchomelea anakaa tu. Mathe wa samaki anaangalia friji ikitoa maji. Borehole haipampi, kwa hivyo jerikeni ya maji inapanda bei. Yule anaandikia watu kazi za mtandaoni anakosa dedilaini, na mteja wa Marekani hajui Kayole ni wapi. Hata netiweki inaanza kulegea, juu busta nyingi hushikiliwa na betri, na betri huisha. Hakuna mtu wa kurudishia hawa wasee siku yao.

So ikipotea tena, fanya hivi:

Chomoa tivi, friji na kompyuta. Stima ikirudi inaweza kuja na nguvu mbaya, na hiyo ndio huchoma vitu. Acha balbu moja tu ikuambie imerudi, halafu ngoja dakika chache kabla uchomeke.

Usifungue friji ovyo. Ikikaa imefungwa, chakula huwa fiti kwa kama masaa manne.

Punguza mwangaza wa simu na uzime data. Weka pesa taslimu kidogo kando, juu simu ikizima, M-Pesa yako pia imelala.

Usilale na mshumaa unawaka, hasa keja za mabati. Moto ikishika moja, inashika ploti yote.

Na kama majirani wa mtaa mwingine wanawaka na nyinyi tu ndio hamna, piga *977# uripoti. Hapo hakuna tumbili. Ni transfoma yenu, na usipoiripoti unaweza kulala giza wiki nzima ukidhani ni ya taifa.