Kamera ya Kivinje na Mtazamaji Aliye Mbali

Kifaa kinachotaka kufikiwa moja kwa moja kutoka mbali kwa njia ya intaneti sharti kiwe na anwani ya IP ya hadharani, yaani namba ambayo haitumiki kwingine kokote duniani. Lakini mfumo wa zamani wa namba hizo, ambao bado unategemewa na wengi, hauwezi kutoa zaidi ya anwani bilioni 4.3 hivi, na akiba kuu ya dunia iliisha kugawiwa Februari 2011. AFRINIC, shirika lenye makao yake Mauritius linalozigawa barani Afrika, liliingia katika awamu ya mwisho ya mgao Januari 2020. Kampuni za simu, ambazo ndizo tegemeo la nyumba nyingi za Kilwa Masoko, Kivinje na Lindi, huukabili uhaba huo kwa kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja na kumpa kila mmoja namba ya ndani tu.

Hali hiyo yafanana na ya kijiji ambacho barua zake zote hupitia sanduku la posta la shule: aliyeandika kwanza hupata majibu yake, kwa kuwa mwalimu anamkumbuka, ilhali barua isiyotaja jina la mlengwa hulala sandukuni. Mitambo ya kampuni nayo hupokea majibu ya mawasiliano yaliyoanzishwa kutoka ndani, na mengine huyatupa. Hivyo fundi anayehangaika kubadili mipangilio ya ruta ili kamera ifikiwe kutoka nje anapoteza muda, maana ruta yenyewe haina anwani ya hadharani.

Njia iliyobaki ni kamera yenyewe kuanzisha mawasiliano. Mara inapowashwa huiita seva, yaani kompyuta yenye anwani ya hadharani, na simu ya mwenye nyumba aliyeko Dar es Salaam au Muscat huiita seva hiyohiyo, ambayo ama huvikutanisha vifaa viwili hivyo vikazungumza vyenyewe, ama, mitambo ya kampuni ikikataa, huzipitisha picha zote kwake. Mara nyingi seva hiyo ni ya mtengenezaji wa kamera na iko ng'ambo. Kwa hiyo nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zinapokatika, kama ilivyotokea Mei 2024, hata aliyeko Masoko anaweza kushindwa kuiona nyumba yake ya Kivinje, wilaya moja.

Asiyetaka picha za familia zipite mikononi mwa mtengenezaji anaweza kutumia VPN, yaani njia ya siri inayounganisha vifaa vyake mwenyewe, ingawa itafaa akumbuke kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwataka watumiaji wa VPN nchini watoe taarifa zao. Nywila ya kiwandani nayo ibadilishwe siku ya kwanza, kwa maana programu hasidi iitwayo Mirai iliziteka kamera nyingi mwaka 2016 kwa kujaribu nywila hizo tu.

Linaloumiza zaidi, hata hivyo, ni bando. Video ya megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa, karibu gigabaiti 11 kwa siku nzima, kwa hiyo ni heri kamera ihifadhi picha kwenye kadi yake ya kumbukumbu na kutuma tu inapohisi mtu anapita.