Je, Wajua? Filamu fupi huishia Ruiru

Kwa kanuni za tuzo za Oscar, filamu fupi haizidi dakika 40, majina ya waigizaji na mafundi yakiwemo. Ndiyo maana sinema huweza kuonyesha zote zilizoteuliwa katika kitengo kimoja kwa kikao kimoja. Mtu angepanda matatu ya Nairobi pale Thika akiitazama filamu ya *Watu Wote*, ya dakika 22, ingemwishia Ruiru hivi, kama hakuna foleni.

Hiyo ndiyo filamu ya kuitazama kwanza. Iliongozwa na Mjerumani, Katja Benrath, akiwa mwanafunzi wa Hamburg Media School. Ilirekodiwa hapa Kenya, na wahusika wanazungumza Kiswahili na Kisomali. Inatokana na shambulio la Desemba 2015 dhidi ya basi lililokuwa likielekea Mandera: abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Iliteuliwa kuwania Oscar ya 2018, ikashindwa na *The Silent Child* ya Uingereza. Kwa maoni yangu, waamuzi walikosea.

Ukiipenda, tafuta pia *Pumzi* ya Wanuri Kahiu, Mkenya aliyewaza dunia iliyokaukiwa maji.