Waridi la jangwani: maji mengi ndiyo adui

ANAYEPITA nyika ya Tsavo wakati wa kiangazi hukuta kichaka kifupi kisicho na jani hata moja, shina lake limefura kama chupa, na juu yake maua mekundu na ya pinki yamechanua kana kwamba mvua ilinyesha jana.

Huo ndio mmea unaojulikana kama waridi la jangwani, ingawa si waridi hata kidogo. Humea wenyewe kuanzia Senegal hadi Somalia, na ng'ambo ya bahari huko Yemen na Oman. Mwenye ua mdogo na maji haba anaweza kuukuza na kuuza. Shida ni kwamba wanunuzi wengi huuua upesi, na mteja aliyepoteza mmea harudi.

Thamani yake iko kwenye shina: kadiri linavyonenepa, ndivyo bei inavyopanda. Kwa sababu hiyo wapo wanaoshika jembe na kwenda kung'oa mimea mikubwa porini. Hiyo ni faida ya siku moja, kwani mizizi iliyokatwa ovyo huoza chunguni, na nyika hubaki na shimo. Njia nyingine ya mkato ni vipandikizi. Hivi hushika na kutoa maua mapema, lakini kwa kawaida havifanyi lile tumbo la chini ambalo mteja analilipia. Mkulima makini hutumia mbegu.

Mbegu hukaa ndani ya maganda mawili yanayoota kama pembe za mbuzi. Yafunge kwa uzi au kipande cha chandarua kabla hayajapasuka, kwa maana kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili na upepo ukivuma hutaiona tena. Zilaze juu ya mchanga wa mto uliochanganywa na samadi kidogo iliyooza kabisa, kisha zifunike kidogo tu. Penye joto huota kwa muda wa wiki moja hivi, na maua ya kwanza yanaweza kuonekana baada ya mwaka mmoja au miwili.

Kila unapohamishia mche katika chungu kikubwa zaidi, uinue sentimita 2 au 3 ili mizizi iliyonenepa ionekane. Mizizi ikijeruhiwa, uache mmea kivulini siku kadhaa vidonda vikauke ndipo uupande.

Sasa maji. Chungu lazima kiwe na matundu na kikae kwenye jua la kutosha. Msimu wa joto, mwagilia vizuri kisha subiri udongo ukauke. Ifikapo miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, mmea huweza kupukutisha majani na kupumzika. Hapo ndipo mwenye nyumba hushtuka, akadhani una kiu, akaumiminia maji kila asubuhi hadi shina likaoza. Nami niliwahi kuua mmoja hivyo hivyo.

Bonyeza shina kwa kidole gumba. Likiwa limelegea na kukunjamana huku udongo ni mkavu, lina kiu. Likiwa laini na udongo ni mbichi, limeanza kuoza: ung'oe mmea, kata sehemu yote iliyooza hadi ufikie nyama safi, uukaushe kabla ya kuupanda upya. Muuzaji anayemweleza mteja haya kabla ya kupokea pesa hujiepushia lawama nyingi.

Kuna jambo jingine la kumwambia. Utomvu wake ni sumu inayoathiri moyo. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, huutumia kwenye mishale ya kuwindia. Vaa glavu unapopogoa, nawa mikono, na weka vyungu mbali na watoto na mbuzi. Kupogoa kwenyewe kuna faida, kwa kuwa maua hutokea kwenye ncha za matawi, na tawi lililokatwa huchipua mengine kadhaa.

Wakulima wa Thailand na Taiwan wamesonga mbele zaidi. Hupandikiza aina zenye petali nyingi juu ya mashina yaliyotokana na mbegu. Aliye na miche minene tayari anaweza kujaribu.

Kwa anayepeleka mizigo mbali, mmea huu hauhitaji kusafiri na udongo. Ung'oe, pangusa mizizi, uache ukauke, kisha uufunge kwa magazeti makavu. Usiutie kwenye mfuko wa nailoni.