Jinsi ya kuchagua fremu ya miwani inayoafiki uso wako

KUNUNUA miwani ni shughuli yenye sehemu mbili zisizolingana hata kidogo. Ya kwanza, ile ya kupimwa macho, huongozwa na mtaalamu aliyesomea kazi hiyo, mwenye mashine na ubao wa herufi. Katika ya pili, yaani kuchagua fremu, mteja aghalabu huachwa peke yake mbele ya ukuta uliosheheni fremu, kioo kimoja, na muuzaji ambaye husema “imekukaa vizuri” kwa kila fremu inayojaribiwa.

La kuchekesha ni kwamba mteja huyu amefika dukani kwa sababu haoni vyema. Akivua miwani yake ya zamani ili ajaribu mpya, hukuta kwamba fremu za maonyesho zina lenzi zisizo na nguvu yoyote, na uso anaouona kiooni ni ukungu mtupu. Anachagua kitu atakachokivaa kila siku kwa miaka kadhaa ilhali hakioni.

Ndiyo maana wengi hufika nyumbani na miwani mipya, wakajitazama upya na kuikinai. Miwani hiyo huishia ndani ya droo au mkoba. Na anayeiacha huko huenda ni dereva anayehitaji kuona mbali usiku, au mwanafunzi wa kidato cha pili asiyeona kilichoandikwa ubaoni. Kwa hivyo, suala la fremu kuafiki uso si la ulimbwende pekee. Miwani isiyopendwa haivaliwi, na isiyovaliwa haimsaidii mtu.

Hatua ya kwanza basi ni kuhakikisha unajiona. Mtu na aandamane na jamaa au rafiki asiyeogopa kumwambia ukweli. Asipompata, apige picha kwa simu akiwa amevaa kila fremu anayoifikiria, ya mbele na ya ubavuni, kisha avae miwani yake ya zamani na kuzitazama picha hizo kwa utulivu.

Watu wengi huanza na umbo la uso, na ushauri wanaoupata kote ni mmoja: chagua fremu inayokwenda kinyume na umbo lako. Mwenye uso wa mviringo na mashavu yaliyojaa huambiwa atafute fremu yenye pembe, iliyo pana kuliko kimo chake, ili uso uonekane mrefu kidogo. Mwenye taya pana na kidevu cha mraba huelekezwa kwenye fremu za duara au za umbo la yai. Uso mrefu na mwembamba hufaa fremu yenye kina kutoka juu hadi chini, kwani hiyo huukata urefu. Naye mwenye paji pana na kidevu chembamba hushauriwa aepuke fremu nzito upande wa juu, maana zitaongeza upana pale ambapo tayari upo.

Ushauri huo si mbaya, lakini usiuchukue kama sheria. Nyuso nyingi hazimo katika maumbo hayo manne au matano. Mtu anaweza kuwa na paji la mraba na kidevu cha yai. Isitoshe, ziko nyuso mashuhuri zilizovunja kanuni na zikapendeza. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Congo, alikuwa na uso mrefu na paji pana, na miwani yake ilikuwa na ukingo mzito mweusi juu huku sehemu ya chini ikiwa nyembamba mno. Kwa mujibu wa majedwali ya maumbo, hiyo haikumfaa. Hata hivyo, ni vigumu leo kuufikiria uso wake bila miwani hiyo. Mtindo huo wa ukingo wa juu ulianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1947, na Malcolm X pia aliuvaa.

Kwa maoni yangu, upana wa fremu una uzito kuliko umbo lake. Fremu inayofaa huwa na upana unaokaribiana na wa uso, ukipima kutoka kipaji kimoja cha kando hadi cha pili. Ikiwa nyembamba kuliko hapo, mikono yake hupanuka na kubana kichwa, na uso huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Ikizidi sana, utafanana na mtoto aliyevaa koti la babake.

Tazama pia mahali jicho linapokaa. Kila jicho linapaswa kuwa karibu na katikati ya lenzi, au juu ya katikati kidogo, wala lisisogee kuelekea puani. Ukingo wa juu nao ufuate mkondo wa nyusi. Nyusi zikionekana mbali juu ya fremu, uso huwa kana kwamba umeshtuka muda wote. Zikizama nusu ndani ya lenzi, huonekana umekasirika.

Sasa tuje kwenye pua, jambo ambalo wauzaji wengi hulipita haraka ilhali kwa wateja wengi wa huku kwetu ndilo kiini cha matatizo. Fremu nyingi zinazouzwa duniani zilibuniwa kwa kufuata vipimo vya nyuso za Wazungu, ambao kwa kawaida wana daraja la pua lililoinuka na jembamba. Mtu mwenye daraja pana au la chini akivaa fremu hizo, hupata kwamba zinateleza hadi nchani mwa pua, zinakalia mashavu, na zinanyanyuka kila anapocheka. Kope nazo husugua lenzi. Wengi hudhani kasoro ni ya pua zao. Kasoro ni ya fremu.

Na si suala la usumbufu tu. Lenzi hutengenezwa ili jicho litazame kupitia sehemu maalumu. Miwani ikiteremka milimita chache, jicho linatazama kupitia pahali pengine, na mwenye lenzi zenye nguvu nyingi anaweza kuhisi macho yakichoka au kichwa kikimuuma.

Mwenye tatizo hili ana njia kadhaa. Fremu za chuma zenye vikalio viwili vidogo vya mpira puani zinamfaa kwa sababu vikalio hivyo hupindwa kwa koleo hadi vikae sawasawa. Kwa wapendao fremu za plastiki, zipo zilizotengenezwa na daraja pana kimakusudi. Muulize muuzaji fremu za pua ya chini, na asipoelewa, jaribu kwingineko. Baadhi ya watengenezaji wameanza kulishughulikia jambo hili kwa dhati. Mmoja wao ni Ackeem Ngwenya, mbunifu mzaliwa wa Malawi, ambaye ni miongoni mwa waasisi wa kampuni ya Reframd jijini Berlin, inayounda fremu kwa kufuata vipimo vya nyuso za watu weusi.

Ukiwa dukani, jaribu hivi: vaa fremu, inama kana kwamba unafunga kamba za viatu, tikisa kichwa, kisha cheka kwa kweli. Ikiteleza au ikiinuliwa na mashavu, irudishe ukutani hata kama rangi yake imekuteka moyo.

Kuna siri nyingine ambayo imeandikwa waziwazi lakini wachache huisoma. Ndani ya mkono wa fremu, au kwenye daraja lake, utaona tarakimu kama 52, 18 na 140. Ya kwanza ni upana wa lenzi moja, ya pili ni nafasi iliyo kati ya lenzi mbili puani, na ya tatu ni urefu wa mkono. Zote kwa milimita. Kama una miwani ya zamani iliyokukaa vyema, nakili tarakimu zake kabla ya kwenda dukani. Zitakuokolea muda mwingi.

Tarakimu hizo zina manufaa makubwa zaidi kwa mtu asiyeona mbali ambaye vipimo vyake ni vya juu, tuseme kutoa 5 au kutoa 6. Lenzi za mtu huyo huwa nyembamba katikati na nene pembeni. Kadiri fremu inavyokuwa kubwa, ndivyo sehemu nene inavyobaki, na ndivyo lenzi inavyojitokeza nje ya fremu kama chini ya chupa.

Hesabu yake ni rahisi. Jumlisha tarakimu mbili za kwanza, kisha ulinganishe jibu na umbali ulio kati ya mboni zako mbili, ambao mpimaji anaweza kukupa. Tuseme umbali huo ni milimita 62. Fremu ya 54 na 18 inakupa 72, kumaanisha kwamba kila jicho litakuwa limesogea milimita 5 kuelekea puani, na upande wa nje wa lenzi utakuwa mnene sana. Fremu ya 46 na 18 inakupa 64, na tofauti ni milimita moja tu kwa kila jicho. Nguvu ya lenzi ni ile ile, lakini ya pili itakuwa nyembamba na nyepesi zaidi. Hata macho, ambayo lenzi za aina hii huyafanya yaonekane madogo, hayatapotoka sana kwa mtazamaji.

Muuzaji anaweza kukushauri ununue lenzi maalumu zilizokondeshwa, na kwa vipimo vya juu ushauri huo una maana. Lakini zina gharama, na fremu ndogo ya duara hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila kukutoza shilingi moja. Epuka pia fremu zisizo na ukingo, maana unene wote utakuwa wazi.

Aliyepita miaka 40 na kuanza kuisukuma simu mbali ili aisome ana hesabu tofauti. Akichagua lenzi zinazobadilika nguvu kutoka juu hadi chini, fremu yake lazima iwe na kina cha kutosha, kwa kawaida si chini ya milimita 28. Zile fremu nyembamba kama kijiti, zilizovuma sana mwanzoni mwa miaka ya 2000, hukata sehemu ya kusomea.

Kuhusu rangi, ladha ni ya mtu. Hata hivyo, fremu nyeusi kabisa juu ya ngozi nyeusi hutulia na kutojitangaza, jambo linalowafaa wanaotaka miwani isionekane sana. Anayetaka ionekane atapata raha katika rangi ya asali, dhahabu, damu ya mzee au kijani kibichi cha chupa. Rangi ya maziwa na ya kijivu hafifu ndizo zinazohitaji kujaribiwa mchana, nje ya duka, kwa kuwa taa za dukani hudanganya.

Mazingira nayo yana neno. Pwani, jasho na chumvi hula rangi ya fremu za chuma hafifu, na fremu zenye nikeli huwawasha wenye mzio. Titani, ingawa ni ghali, haina shida hizo. Wanaojifunga mtandio na waendeshaji pikipiki wanaovaa kofia ngumu wachague mikono myembamba iliyonyooka, kwani minene hubana masikio ikikandamizwa.

Watoto wanastahili kutajwa peke yao. Wazazi wengi hununua fremu jinsi wanavyonunua sweta ya shule, kubwa kidogo ili mtoto “aikulie”. Sweta kubwa haina madhara. Fremu kubwa huteleza, mtoto akatazama juu yake badala ya kupitia kwake, na vipimo vyote vikawa bure. Mnunulie inayomtosha leo, yenye lenzi za polikaboneti ambazo hazivunjiki kwa urahisi, na uwe tayari kuibadilisha anapokua.

Muhimu kuliko yote, mwache achague mwenyewe miongoni mwa zile tatu au nne zinazomtosha. Mtoto anayeitwa “macho nne” uwanjani hatavaa fremu ya kahawia aliyochaguliwa na babake kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu. Anaweza kuvaa ya buluu aliyoichagua mwenyewe, na tofauti hiyo itaonekana katika daftari lake.

Ukishachagua fremu, utaulizwa kuhusu nyongeza. Lenzi zisizoakisi mwanga zinafaa kugharamiwa: huwawezesha watu kuyaona macho yako badala ya mng’ao wa taa, na huwasaidia wanaoendesha gari usiku. Zile za kuzuia mwanga wa buluu wa kompyuta si lazima. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na shirika la Cochrane mwaka wa 2023 hayakuona kwamba zinapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi zikilinganishwa na lenzi za kawaida. Fedha hizo ni afadhali uziongeze kwenye fremu.

Kabla ya kulipa, omba nakala ya vipimo vyako, ukiwemo umbali wa mboni. Kama unatumia bima, uliza kikomo cha fedha za fremu mapema, na uliza pia kama fremu yako ya zamani inaweza kutiwa lenzi mpya. Fremu nzuri isiyolegea huweza kutumika tena, ila wauzaji hawana haraka ya kukukumbusha.

Miwani ikiwa tayari, usiipokee kaunta na kuondoka. Keti, ivae, na umwache fundi apinde mikono hadi ikunje mara tu inapopita juu ya sikio. Rudi baada ya wiki moja ikiwa inaacha alama nyekundu puani au imeinama upande mmoja. Maduka mengi hurekebisha hayo bila malipo. Na usiiweke juu ya kichwa wala kuiacha ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwani mikono itapanuka, plastiki itapinda, na fremu uliyoichagua kwa makini itaanza tena kuteremka puani.