Jina Moja, Matoleo Mawili: Migongano ya Maktaba katika Kuunda Programu za Lugha

Madhumuni ya makala haya ni kueleza asili ya migongano ya maktaba, itokeayo wakati programu inapoundwa kutoka msimbo chanzo katika mfumo wa Linux, na kuonyesha jinsi ya kuitatua. Huenda jambo hili likadhaniwa kuwa la mafundi wa kompyuta, wala si la wanaisimu. Lakini mchunguzi anayetaka kuichunguza lugha kama isemwavyo hatakwenda mbali kabla hajakutana nalo.

Na tuchukue mfano wa Nyarugusu, kata ya wachimbaji wa dhahabu katika Mkoa wa Geita. Mkoa huo, ulioundwa mwaka 2012, una machimbo na una pia ufuko wa Ziwa Victoria. Kwa wavuvi, mwalo ni mahali pa ufukoni ambapo mitumbwi hufika na samaki hushushwa. Kwa wachimbaji, mwalo ni mahali ambapo mawe yaliyosagwa huoshwa ili dhahabu itengwe na mchanga. Duara, ambalo kwa mwalimu wa hesabu ni umbo la mviringo, kwa mchimbaji ni shimo la kuchimbia. Karasha, neno lililotoka Kiingereza, ni mashine ya kusagia mawe. Nayo marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao huweza kushughulikiwa tena.

Mchunguzi akirekodi mazungumzo yenye maneno hayo, kisha akataka kompyuta iyageuze kuwa maandishi, atakumbana na kizuizi. Mitambo mingi ya namna hiyo hutegemea kamusi ya matamshi. Neno lisilomo katika kamusi hupewa alama ya neno lisilojulikana, au huandikwa kama neno jingine linalokaribiana nalo kwa sauti. Basi maneno yaleyale yaliyompeleka mchunguzi Nyarugusu ndiyo yatakayopotea kwanza. Hana budi kutunga kamusi yake na kuunda zana zake mwenyewe.

Zana hizo zipo, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Kaldi, iliyotangazwa kwa wataalamu mwaka 2011, ni mkusanyo wa zana za kutambua usemi. Jina lake ni la yule mchunga mbuzi wa Ethiopia ambaye hadithi husema ndiye aliyegundua kahawa. Mradi wa ALFFA ulitoa data na maelekezo ya kuitumia Kaldi kwa Kiswahili, pamoja na Kiamhari, Kihausa na Kiwolofu. Pynini nayo ni zana ya kuandikia kanuni za lugha, kwa mfano ile igeuzayo mu- kuwa mw- mbele ya irabu, hata tukapata mwalo, huku wingi wake ukiwa mialo. Zana hizi mbili husimama juu ya maktaba moja, OpenFst, inayoshughulikia michoro ya hali na njia ambayo hupokea mfuatano wa alama na kutoa mfuatano mwingine. Lakini kila toleo la Pynini hudai toleo lake maalumu la OpenFst, na huenda hilo si lile ambalo Kaldi iliundwa nalo. Hapo ndipo mgongano huanza.

Neno maktaba, ambalo ni ndugu wa kitabu na katibu kwa asili yake ya Kiarabu, lina maana mpya hapa. Maktaba ya programu si mahali pa kusomea, bali ni hazina ya sehemu zilizokwisha kuundwa ambazo programu nyingi huazima. Maktaba huwa za namna mbili. Ya kwanza hunakiliwa ndani ya programu wakati wa kuundwa, ikawa sehemu ya mwili wake. Ya pili, iitwayo maktaba shirikishi, hainakiliwi. Programu huandikiwa jina lake tu, na maktaba yenyewe hutafutwa kila mara programu inapoanzishwa. Jina hilo kwa kawaida huwa na namba mwishoni. Watunzaji wa maktaba hutakiwa kuibadilisha namba hiyo kila wanapoyavunja mapatano ya zamani kati ya maktaba na watumiaji wake. Kwa mfano, maktaba ya OpenSSL iliyoitwa libssl.so.1.1 ilifuatwa na libssl.so.3 toleo la 3.0 lilipotolewa mwaka 2021. Programu inayodai ile ya kwanza haitaridhika na ya pili.

Mgongano huweza kutokea katika hatua tatu. Kwanza, wakati wa kutafsiri msimbo: faili za vichwa, ambazo hueleza maktaba ina nini, huweza kuwa za toleo moja, na maktaba yenyewe ikawa ya toleo jingine. Hatari hii ni kubwa kwa OpenFst, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake imeandikwa ndani ya faili za vichwa, ikaingia katika mwili wa programu. Pili, wakati wa kuunganisha: jina linalotajwa na programu halionekani katika maktaba iliyopatikana, na kazi husimama. Tatu, wakati wa kuanzisha programu: kipakiaji hakikuti maktaba inayotakiwa, au hukuta nyingine yenye jina hilohilo. Hatua hii ya tatu ndiyo yenye kudanganya. Programu inayokataa kuanza imesema kweli. Ile inayoendelea huku ikisoma kumbukumbu kwa mpango usio wake haina wa kuitegemea.

Utatuzi huanza kwa kuuliza kabla ya kubadili chochote. Amri ya readelf -d huonyesha majina ambayo programu imeandikiwa; amri ya ldd huonyesha ni faili ipi hasa iliyopatikana kwa kila jina, na ni jina gani lililokosa faili. Amri hii ya pili isitumiwe kwa programu isiyoaminika, kwani huweza kuiendesha.

Jibu likijulikana, dawa iliyo bora ni kutenga. Kila toleo la OpenFst lisimikwe katika saraka yake, kwa kutaja kiambishi cha njia wakati wa kuandaa ujenzi, wala lisiwekwe juu ya maktaba za mfumo wenyewe. Kisha kila programu ielekezwe kwenye faili za vichwa na maktaba za saraka moja tu, na njia hiyo iandikwe ndani ya programu ili kipakiaji kiifuate. Kaldi imeufuata mwendo huu tangu zamani, kwani hujenga OpenFst yake ndani ya saraka yake ya tools. Toleo likibadilishwa, mabaki ya ujenzi wa awali yafutwe kwa make clean. Vinginevyo vipande vya toleo la zamani vitaunganishwa na vipya, na mgongano utarudi.

Iko dawa nyingine inayopendwa kwa wepesi wake, nayo ni kuipa maktaba iliyopo jina la ile inayokosekana kwa kutengeneza kiungo cha faili. Kipakiaji hutulia, kwa maana kimelikuta jina. Lakini ni kama mtunga kamusi akutaye mwalo katika usemi wa mchimbaji, akalipa fasili ya mwalo wa wavuvi: umbo la neno limepatikana, maana yake imepotea. Vilevile kigeu cha LD_LIBRARY_PATH, kinachoelekeza kipakiaji kwenye saraka fulani, kinafaa kwa jaribio la mara moja. Kikiachwa daima, huzielekeza huko hata programu zisizohusika.

Faida ya uangalifu huu haiishii kwenye mashine ya mtu mmoja. Maandishi yaliyotolewa kwa sauti za Nyarugusu yatakuwa ushahidi katika makamusi na katika tasnifu, na mchunguzi mwingine atataka kuyapata upya kwa sauti zilezile. Hatayapata asipojua yalitolewa na nini. Kwa hiyo, kama vile kila mwenye kukusanya maneno anavyotaja mahali na tarehe ya kurekodi, ndivyo inavyompasa kutaja matoleo ya programu na ya maktaba alizotumia, na saraka zilimosimikwa. Jina peke yake halitoshi.