Nyamgondho na Mji wa Ukungu: Kitendawili na Hofu ya Nafsi katika Simulizi na katika Mchezo wa Video

Simulizi ya Nyamgondho mwana wa Ombare inajulikana sana katika mwambao wa Ziwa Viktoria, kutoka ghuba ya Karungu katika kaunti ya Migori hadi Gwassi katika kaunti ya Homa Bay. Nyamgondho alikuwa mvuvi fukara. Siku moja wavu wake haukunasa samaki bali ajuza mwenye jicho moja, ambaye alimsihi ampeleke nyumbani. Alimpeleka, na tangu siku hiyo ng'ombe, mbuzi na kondoo wakajaa bomani mwake. Utajiri huo ulimlevya kabla ya pombe kumlevya. Usiku mmoja alirudi kutoka ulevini, akakuta lango limefungwa na hakufunguliwa upesi. Akamtukana yule mwanamke kwa kumkumbusha kwamba alivuliwa ziwani. Mwanamke akaondoka kuelekea majini, na mifugo yote ikamfuata. Nyamgondho akabaki ufukweni Nyandiwa ameegemea fimbo yake, akageuka mti, au jiwe kwa mapokeo mengine. Juu ya miamba ya Nyandiwa pana alama ambazo wageni huonyeshwa kuwa ni nyayo za mifugo ile.

Simulizi hii inatajwa hapa kwa kuwa inasaidia kueleza utanzu mwingine, ulio mbali nayo kwa umri na kwa vyombo: mchezo wa video wa kutisha, hasa ule ambao uti wake si mapigano bali ni kupekua mahali na kutegua mafumbo. Ni kawaida kuueleza mchezo huo kwa kuufananisha na sinema. Ulinganishi huo una upungufu mkubwa, kwani mtazamaji wa sinema hana kazi ya kufanya. Akinyamaza au akisinzia, hadithi itaendelea bila yeye. Jamaa wa karibu zaidi wa mchezo huu ni siwindhe.

Siwindhe, katika jamii ya Wajaluo, ilikuwa nyumba ya pim, yaani mwanamke mzee aliyewalea na kuwafundisha watoto wa boma. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao kuhusu Siaya kilichotoka mwaka 1989, wameonyesha kwamba mara nyingi pim alitoka nje ya ukoo wa watoto aliowalea. Jambo hili lafaa kuzingatiwa: aliyewafundisha watoto wao ni nani alikuwa mwenyewe ni mgeni, kama vile utajiri wa Nyamgondho ulivyoletwa na mgeni. Usiku, ndani ya nyumba hiyo, ngano na vitendawili vilikwenda pamoja. Mtoto hakuwa msikilizaji tu. Aliulizwa, akajibu, akakosea, akachekwa. Na zamu ilipomfikia ilimbidi asimulie yeye, kisha afunge ngano kwa fomula ya “Thu tinda”, ambayo kwayo msimulizi hujitakia kukua na kuwa mrefu kama mti ulioko kwa mjomba wake. (Nyamgondho naye aliishia kuwa mti, lakini si kwa kujitakia.)

Mfano bora wa mchezo unaohusika ni Silent Hill 2, uliotolewa na kampuni ya Kijapani ya Konami mwaka 2001 na kutengenezwa upya na Bloober Team ya Poland mwaka 2024. Mhusika mkuu, James Sunderland, anapata barua yenye jina la mkewe Mary, ambaye kwa ufahamu wake alifariki kwa maradhi miaka mitatu nyuma. Barua inamwita kwenye mji mdogo ulio kando ya ziwa. Mji umefunikwa na ukungu, barabara zimekatika, milango mingi haifunguki. Ana redio ndogo ambayo hukwaruza dubwana linapokaribia, kwa hiyo mchezaji husikia kabla ya kuona. Ukungu wenyewe, ambao umekuwa alama ya michezo hii, ulianza katika Silent Hill ya kwanza ya mwaka 1999 kama hila ya kuficha udhaifu wa mashine, kwani mashine za wakati ule hazikuweza kuchora mji mzima kwa mara moja. Upungufu wa chombo ukazaa fani.

Njia ya mbele hufungwa kwa mafumbo. Katika jengo moja la makazi, mchezaji hutafuta sarafu tatu, kisha huzipanga katika matundu matano kwa kufuata dokezo la shairi. Akipatia, droo hufunguka na ndani yake mna ufunguo. Mchezaji anaweza hata kuchagua ugumu wa mafumbo kando na ugumu wa mapigano, na shairi hubadilika kulingana na chaguo lake. Hapa Kiswahili kinaeleza jambo hili kwa usahihi wa kupendeza. Kitendawili hutegwa, kama mtego wa ndege, anayejibu hutegua. Fumbo hufumbwa, likafumbuliwa. Kauli ya kutendua imo ndani ya msamiati wenyewe: funga na fungua, tega na tegua, fumba na fumbua. Mchezaji anayesimama mbele ya droo ile anatenda kwa mkono kile ambacho sarufi imekuwa ikikisema siku zote. Na katika desturi ya Waswahili anayeshindwa hudaiwa mji, ndipo apewe jibu. Katika mchezo, anayeshindwa hunyimwa sehemu ya mji iliyobaki.

Ugumu umo katika kuitafsiri sifa ya pili, ile ya hofu ya nafsi. Tafsiri ya haraka, “mchezo wa kutisha”, haitoshi. Kutisha na kuogofya ni vitenzi vinavyohitaji mtendaji wa nje: yuko anayetisha na yuko anayetishwa. Zimwi la ngano hutisha, na likiuawa hofu imekwisha. Lakini karibu na mwisho wa Silent Hill 2, katika hoteli ya kando ya ziwa, James anatazama mkanda wa video unaomwonyesha kwamba Mary hakufa kwa maradhi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwua. Madubwana aliyokuwa akiyakimbia yalitoka kwake. Msichana mdogo, Laura, hutembea katika mji ule ule bila kuonyesha kuwa ameona lolote la kuogopa. Kwa hali hii lugha ina neno lenye nguvu zaidi kuliko “tisha”, nalo ni “suta”. Mwenye hatia husutwa na moyo wake. Na kusuta, kwa asili, si kunong'ona moyoni bali ni kumkabili mtu kwa maneno au matendo yake mwenyewe mpaka asiwe na pa kukanushia. Mkanda ule ni kusutwa. Istilahi yoyote itakayobuniwa na isiguse maana hiyo itakuwa imetaja ukungu na kuacha mji.

Nyamgondho na James hawana uhusiano wa chanzo. Kufanana kwao ni kwa bahati. Hata hivyo kufanana huko kunafundisha mengi: mume, mke aliyekosewa, lango lililofungwa, na ziwa linalopokea kilichopotea. Tofauti yao nayo ni kubwa. Hadhira ya Nyamgondho inaujua mwisho tangu mwanzo, na hofu yake ni ya kumwona mtu akienda kwa miguu yake kwenye tusi asiloweza kulirudisha. Mchezaji wa Silent Hill 2 haujui mwisho, na miguu inayokwenda anaiendesha yeye. Simulizi inapochapishwa kama funzo dhidi ya kiburi na ulevi, hofu hiyo hufifia, kwa kuwa msomaji ameondolewa kazi yake na kupewa hukumu iliyokwisha tolewa.

Kenya imekwisha kuwa na michezo yake ya video. Nairobi X, wa mwaka 2015, ni wa kuwapiga risasi wavamizi kutoka anga za mbali. Haijakatazwa kwamba mwingine uanzie Nyandiwa, usiku, mbele ya lango lisilofunguka. Utakapofanya hivyo utakabiliwa na suala la lugha kabla ya suala la picha. Dokezo la fumbo halitafsiriki neno kwa neno. Hutegwa upya katika kila lugha. Nayo Gwassi ni nchi ya Wasuba, ambao lugha yao ya Kibantu, Olusuba, imeachwa na wengi wao kwa kuhamia Dholuo, lugha ambayo sasa simulizi hii husikika zaidi. Lango la Nyamgondho likitegwa kwa Olusuba, kijana mwenye mashine mkononi atalazimika kuuacha mchezo kwa muda na kwenda kumwuliza nyanya yake.